Mafuta Kichwani mwa Mzee Wendelini

Wendelini Kapinga alizaliwa Litembo, akabatizwa Litembo, akaoa Litembo, na kwa maisha yake yote amesinzia Litembo. Hayo matatu ya kwanza hayana ubishi. La nne ndilo lililoleta mashine kutoka Mbinga mjini.

Namwandika kwa sababu watu wa aina yake hawaandikwi. Wanaoandikwa siku hizi ni wale wanaosimama mbele ya simu zao wakionyesha viatu. Wendelini hana viatu vya kuonyesha. Ana shamba la ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia yaliyozungukwa na matuta, kwenye mteremko, mibuni iliyozeeka pamoja naye, mke anayeitwa Gertruda anayemzidi kwa kila jambo isipokuwa urefu, na kigoda alichorithi kwa babu yake. Kigoda hicho ndicho utajiri wake wote. Anayekikalia ndiye anayesikiliza mashauri ya mtaa wetu: mpaka uliosogezwa, mbuzi aliyekula miche, shemeji aliyetukanwa kwenye msiba.

Vijana hawajui kigoda kilitoka wapi, basi nieleze. Zamani sisi Wamatengo tulikuwa na sengu. Jioni watu wa ukoo walikusanyika kwa babu, naye amekalia kigoda, kila nyumba ikaleta chungu chake, wakala pamoja, na baada ya kula yakazungumzwa yote: ugomvi, kilimo, nani aoe wapi. Asiye na chungu hakuongea sana. Chungu kisicho na mwenyewe hakikuliwa kabisa, maana ni nani ajuaye kilichomo? Leo kila nyumba inakula imefunga mlango na televisheni inapiga kelele, na mtu anajua habari za Marekani kuliko za kaka yake aliye upande wa pili wa mgomba.

Babu yake Wendelini alisikiliza mashauri akiwa amefumba macho. Alisema macho yana ndugu, masikio hayana. Ukimwona mdai ni mpwa wako, tayari umeshamsamehe nusu. Wendelini alichukua kigoda, na akachukua na kufumba macho. Bahati mbaya alichukua pia kitu ambacho babu yake hakuwa nacho: kukoroma.

"Sikoromi," alikuwa akisema. "Hiyo ni pumzi ya kufikiri."

"Basi usiku unafikiri sana, Baba Tadea," Gertruda alimjibu, "hata mbuzi wanaamka."

Ubishi ulianza siku Raimundi alipoleta shauri lake. Raimundi ni kiongozi wa waendesha bodaboda, kijana mwenye kichwa kilichonyolewa hadi kinafanana na yai, na mwenye spika anayoifunga nyuma ya pikipiki ili asikike hata anapokuwa hana la kusema. Mtu alikuwa amevunja taa ya pikipiki yake. Alieleza kisa chote kwa spika, na alipofika mahali penye uchungu hasa, akazima spika ili watu walie. Badala ya kilio ikasikika pumzi ya kufikiri ya Mzee Wendelini.

"Mzee wangu, umelala!" Raimundi akapiga kelele.

"Nimekusikia. Taa ya kushoto."

"Ni ya kulia!"

"Kwako ya kulia. Kwangu niliyekaa mbele yako ni ya kushoto."

Watu walicheka, lakini Raimundi hakucheka. Tangu siku hiyo alizunguka na spika yake akitangaza kwamba mtaa wa kisasa hauwezi kuhukumiwa na mtu aliyelala; kigoda kiondoke, kiletwe kiti cha plastiki, na mashauri yasikilizwe na mtu mwenye macho. Hakumtaja mtu huyo, ila macho yake alikuwa akiyafungua sana.

Hapo ndipo ilipoingia ile taasisi. Mbinga mjini, katika ghala la zamani la kahawa, kuna watu wanaojiita Taasisi ya Ubongo Wazi. Hawatafuti faida. Wanafundisha jinsi ubongo unavyofanya kazi, wanatengeneza vipimo kwa vitu rahisi, kisha wanatoa michoro ya vipimo hivyo bure ili kila mtu ajitengenezee chake, na wanachopima wanakiweka mtandaoni mtu yeyote akisome. Mimi niliposikia neno bure nilishika mfuko wangu. Nimejifunza kusoma peke yangu, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na kamusi iliyochanika mwishoni, na katika kusoma kwangu kote sijawahi kuona bure isiyo na mkia.

Aliyekuja kwetu alikuwa Mwalimu Flavia, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, Mnyasa wa Chiwanda kule kando ya Ziwa Nyasa. Alikuja kufundisha shuleni, Raimundi akamchukua kwa pikipiki, na kabla hawajafika alikuwa ameshajazwa habari zote. Akasema kulala au kutolala kwa mzee kunapimika.

"Shikamoo, babu," alimwambia Wendelini.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kunifungua kichwa?"

"Sifungui, babu. Nakuvika kofia tu. Ubongo una umeme mdogo sana. Kofia inausikia, kompyuta inauchora."

"Wanyasa mnasikia umeme wa kichwani, na nguzo za umeme zikianguka kwenu mnakaa giza wiki nzima."

"Na ninyi Wamatengo mkiona ziwa mnashika miti msizame mkiwa nchi kavu."

Wakaelewana mara moja, kama watani wanavyoelewana. Mwalimu Flavia akaeleza kwamba michoro ya kofia ni ya watu wote, matokeo ni ya watu wote, na hata makosa yao wanayatangaza ili mwingine asiyarudie. Wendelini alifumba macho akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni sengu," akasema. "Kila mtu analeta alichopika, mnakula pamoja."

Mwalimu Flavia alifikiri kidogo. "Ndiyo, babu. Sijawahi kuisema vizuri hivyo."

"Sasa mbona umekuja mikono mitupu?"

Mwalimu akakimbilia jambo lingine: kwamba matokeo yakiwekwa mtandaoni jina la mpimwaji hufichwa, ataitwa mshiriki fulani tu. Wendelini akafumbua macho yote mawili, jambo ambalo hulifanya kwa nadra.

"Jina langu lifichwe kwa nini? Nimeiba?"

"Ni kukulinda, babu."

"Chungu kisicho na mwenyewe hakiliwi. Andika Wendelini Kapinga wa Litembo, mume wa Gertruda. Au peleka kofia yako kwa mwingine."

Mwalimu alimsihi, akampigia mkubwa wake simu, akasihi tena. Mwisho jina likaandikwa, kwa ridhaa yake na kwa sauti yake. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Siku ya kipimo cha kwanza Mwalimu Flavia alimwosha Wendelini kichwa kwa sabuni, akamfuta, akamwambia asipake kitu chochote, kisha akatoka kwenda kuandaa mashine. Alisema atampima na Raimundi pia, kwa kuwa kipimo cha mtu mmoja hakina cha kulinganishwa nacho.

Wendelini akabaki na Gertruda. Sasa, kichwa cha mzee kikioshwa kwa sabuni, katika baridi ya huku kwetu, kinapauka kama kiazi kilichosahauliwa juani. Gertruda alikitazama. Nje kulikuwa na mtaa mzima, na mwalimu wa Chiwanda, na kompyuta itakayomwonyesha kwa watu wa dunia. Ni mke gani wa Kimatengo atakayemtoa mume wake mbele ya wageni na kichwa cha jivu? Akachota mafuta ya mgando kiganja kizima, akampaka hadi nyuma ya masikio. Kisha akamfuta sehemu ya mbele kwa kanga ili mwalimu asigundue.

Ndani ya ukumbi wa mikutano walikuwa wametundika shuka jeupe, na picha ya kompyuta ikaangaza juu yake. Alianza Raimundi. Vifundo vya kofia, vile vinavyosikia umeme wa kichwani, vikashika vizuri kwenye lile yai, na mistari ikacheza juu ya shuka, juu chini, juu chini. Watu wakapiga makofi. Raimundi akainuka kidogo na kuwapungia mkono, na mistari ikaruka kama panzi.

Akaja Wendelini. Kofia ikavalishwa. Juu ya shuka mstari ukalala. Mwalimu akabonyeza huku, akabonyeza kule, akalowesha vifundo kwa maji ya chumvi. Mstari ukatetemeka mara moja, ukalala tena.

"Mbona hakuna kitu?" mtu akauliza.

"Subirini," alisema mwalimu.

Tulisubiri. Hapakuwa na kitu. Kwa desturi ya taasisi yao, kipimo kilichoharibika nacho huwekwa wazi. Kikawekwa siku ileile, kikiwa na maelezo marefu kwamba kifaa hakikugusa ngozi sawasawa, na kwamba hilo halisemi lolote juu ya mpimwaji. Nani anasoma maelezo marefu siku hizi? Watu waliona mstari ulionyooka, na juu yake jina: Wendelini Kapinga wa Litembo, mume wa Gertruda. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika Kitai, ikapanda mabasi ya Songea: sayansi imethibitisha kwamba mzee anayehukumu Litembo hana ubongo.

Raimundi alichapisha mistari yake kwenye karatasi ya kubandika akaiweka kwenye madigadi ya pikipiki, na chini yake akaandika: UBONGO UPO.

Sikuwahi kumwona Wendelini ameinama kama wiki ile. Kanisani watu walimpisha kwenye benchi kama mgonjwa. Mjukuu alimuuliza mtu asiye na ubongo anakumbukaje njia ya kwenda shambani. Yeye mwenyewe alianza kujishuku. Nilimkuta ameketi kando ya ngoro zake anajigonga kichwa kwa kifundo cha kidole, anasikiliza.

"Kuna kitu humo," nikamwambia.

"Unaona?"

"Kama kisingekuwepo, kingelia kama debe."

"Kinalia kidogo," akasema kwa huzuni.

Aliyemwokoa ni yuleyule aliyemponza, Gertruda. Mwalimu Flavia aliporudi kutafuta kosa, safari hii alikuja na kikapu cha usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, akakiweka mbele ya Wendelini. "Chungu changu hiki, babu," akasema, "na mwenyewe ni mimi." Gertruda alipouona unyenyekevu ule, moyo ukamuuma. Akaeleza habari ya mafuta.

"Mama!" mwalimu akashika kiuno. "Mafuta yanazuia umeme!"

"Nilijuaje? Kwani umeme unaogopa kupendeza?"

Mwalimu akaandika kosa lile nalo likawekwa wazi dunia nzima: kipimo kiliharibika kwa sababu mke wa mpimwaji alimpaka mumewe mafuta ili apendeze. Nasikia wanafunzi wa kwao Chiwanda, ambao hufuatilia yanayowekwa na taasisi, walilisoma darasani na mmoja akaanguka kwenye dawati. Lakini Litembo hawakutaka maelezo. Walitaka kuona. Na Raimundi akaweka sharti mbele ya mtaa mzima: lisikilizwe shauri la kweli, Wendelini amevaa kofia, macho amefumba. Akikaa macho hadi hukumu, kigoda ni chake hadi kaburini. Akisinzia hata kidogo, kigoda ni cha Raimundi.

"Nakubali," alisema Wendelini. Gertruda akamkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshasema.

Shauri lenyewe lilikuwa la nguruwe. Nguruwe wa Theodosia, mjane anayeongea kama mvua ya masika, aliingia katika ngoro za Pankras akafukua maharage. Pankras ni mtu wa maneno machache na kinyongo kirefu. Akamkamata nguruwe, akamfungia kwake hadi alipwe. Kumbe nguruwe alikuwa na mimba, akazaa palepale. Sasa watoto ni wa nani?

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Gertruda aliketishwa mbali na mumewe, mikono juu ya magoti, ionekane. Mwalimu Flavia akawafundisha watu kusoma shuka. "Mtu akifumba macho akiwa macho kabisa," alisema, "nyuma ya kichwa panatoka mawimbi madogo, yamepangana, yanafuatana sawasawa. Yatazameni haya ya babu."

"Ni ngoro hizo!" akasema Theodosia. Na kweli, zilifanana na matuta ya ngoro ukiyatazama kutoka kilima cha pili.

"Haya, ziwe ngoro. Akisinzia, ngoro zinafutika. Akilala hasa, yanakuja mawimbi makubwa ya polepole, kama ziwa."

Hilo lilieleweka kuliko somo lolote nililowahi kulisikia. Milimani ni macho, ziwani ni usingizi, na katikati kuna barabara ambayo kila mtu anaijua, ile inayopita Mbinga mjini ikashuka hadi Mbamba Bay.

Theodosia akaanza. Alieleza ukoo wa nguruwe yule, tabia ya mama yake, na ndoto aliyoota kabla ya mimba. Watu walichoka, wengine wakatoka nje. Juu ya shuka ngoro hazikutikisika. Akafuata Pankras.

"Maharage yangu ndiyo yaliyowajenga wale watoto," akasema. "Miguu ile ni maharage yangu. Masikio yale ni maharage yangu." Akakaa.

Ngoro ziko palepale. Gertruda alianza kutabasamu. Hapo Raimundi akainuka na spika.

"Na mimi nina neno kama mwananchi," akasema, na akalisema. Alizungumzia maendeleo. Alizungumzia uwajibikaji wa viongozi katika ngazi zote. Alisoma hotuba aliyoipata kwenye simu, ambayo nadhani ilikuwa ya ufunguzi wa kisima mahali pengine, kwa sababu alishukuru sana kwa pampu. Sauti ilitoka kwenye spika sawasawa, bila kupanda wala kushuka.

"Anateremka," mtu akanong'ona.

Tukatazama shuka. Ngoro zilikuwa zinalainika.

"Kafika Mbinga mjini!"

"Hajafika, bado kuna tuta moja, lile pale!"

"Limefutika! Anaiacha lami!"

Gertruda akakohoa kikohozi cha mtu mwenye kifaduro. Haikusaidia. Mawimbi yakaanza kuinuka makubwa, mapana, ya uvivu, na ukumbi mzima ukageuka makondakta: "Mbamba Bay! Mbamba Bay hiyo! Wa kushuka!" Pankras, mtu wa maneno machache, akasimama juu ya benchi akapiga kelele: "Kaingia majini na nguo!"

Kelele zile zikamwamsha. Alifumbua macho, akaona shuka, akaona uso wa mkewe, akaelewa. Akatoa hukumu kama vile hakuna lililotokea.

"Watoto wanamfuata mama yao. Lakini Pankras achukue mmoja, yule mkorofi kuliko wote. Akimfukulia ngoro, atajua kukasirika na mali yake mwenyewe."

Theodosia akaridhika, Pankras akaridhika. Watu wakapiga makofi. Lakini sharti ni sharti. Wendelini alivua kofia, akainuka, akakichukua kigoda mwenyewe na kumkabidhi Raimundi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Mimi niliangalia pembeni. Vitu vingi nimeviona vikiondoka katika nchi hii, na vyote viliondoka watu wakipiga makofi.

Rekodi ikawekwa wazi. Wanafunzi wa Chiwanda waliichukua, wakailinganisha na sauti ya kikao, wakaandika walichokiona, nao wakakiweka wazi: mzee alikaa macho katika maneno yote ya nguruwe, na alilala pale tu hotuba ya pampu ilipoanza. Waliongeza kwamba nao, walipokuwa wakiisikiliza ili kulinganisha, wawili walilala.

Haya yalisomwa Litembo, na hayakubadilisha sharti. Raimundi alikalia kigoda. Shauri la kwanza lilikuwa la Theodosia tena. Yeye hakosi shauri. Kabla hajafungua mdomo alitaka jambo moja.

"Vaa kofia, mwanangu."

"Ya nini, mama? Macho yangu si unayaona?"

"Nayaona yako kwenye simu. Nataka nione ubongo uko wapi."

"Kofia haionyeshi hilo," Mwalimu Flavia akajaribu kusema, lakini nani alimsikia? Ukumbi wote ulianza: "Kofia! Kofia!" Aliyepimwa mzee, apimwe na kijana. Raimundi akatoa jasho kwenye lile yai.

"Ubongo wa mtu ni siri yake!" akasema.

"Mbona uko kwenye madigadi?" akauliza Pankras.

Jioni ileile kigoda kilirudi kwa Wendelini juu ya pikipiki, kimefungwa kwa mipira ya mizigo, spika ikiwa imezimwa. Wengine watatu walitajwa ili wakikalie badala yake. Kila mmoja alipoonyeshwa kofia alikumbuka kazi shambani. Ikabaki kwamba katika Litembo nzima kuna mtu mmoja tu asiyeogopa kichwa chake kuonekana, na huyo ndiye kila mtu ameshamwona akiingia majini na nguo.

Taasisi ilituachia kofia, na mchoro wake umebandikwa ukutani ili ikiharibika tuitengeneze wenyewe. Wendelini huivaa kila kikao. Babu yake alifumba macho na watu wakamwamini, hakuhitaji shuka. Sisi tumefikia mahali mzee anaaminiwa kwa waya. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba babu yake hakukoroma.

Lakini Gertruda ni Gertruda. Juzi lilikuwepo shauri la mpaka, na Wendelini alikuwa ameshinda shambani akifukia majani kwenye ngoro. Alipoingia ukumbini kichwa kilikuwa kinang'aa hadi unaona kenchi za paa ndani yake. Kofia ikavalishwa, mstari ukalala.

"Mama Tadea," akasema Pankras, "leo umempaka tena?"

"Ngozi yake imekauka," alijibu Gertruda, mikono ndani ya kanga.

Hakuna aliyebisha. Siku hizi kila mtu anajua: kichwa kikipauka, shauri linasikilizwa, kiking'aa, mzee amechoka, mje wiki ijayo. Vyungu vilikuwa vimeshafika, maana tangu ule usipa wa mwalimu watu wameona aibu kuja kikaoni mikono mitupu. Wadai wa mpaka wakala katika sahani moja kwa sababu sahani zilipungua. Na Mzee Wendelini, juu ya kigoda chake, akateremka polepole hadi ziwani, bila mtu hata mmoja kumtangazia kituo.